Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na wakuu wa hospitali za rufaa: Mzee mwenye vijiwe vya nyongo asinyimwe upasuaji wa matundu madogo kwa sababu ya umri wake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara, wakurugenzi wa hospitali za rufaa za mikoa, na wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge la Uganda.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka 31 nilisimama upande wa pili wa meza ya upasuaji, nikimkabidhi daktari kisu, koleo na uzi, katika hospitali mbili za serikali na moja ya misheni. Ninawaandikia kuhusu ugonjwa mmoja tu, vijiwe vya nyongo, na kundi moja tu la wagonjwa, yaani wazee waliovuka miaka 60, kwa sababu nimeona kwamba njia ya upasuaji inayowafaa zaidi ndiyo wanayoipata kwa nadra zaidi, na sababu wanayopewa mara nyingi haitokani na hali ya moyo au mapafu yao, inatokana na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kitambulisho cha taifa.

Naomba nianze na mama yangu mzazi, na ndugu zangu wameniruhusu. Alikuwa na miaka 74 maumivu yalipomwanza. Kila alipokula majani ya kunde yaliyoungwa kwa odii, ule mchanganyiko wa ufuta na karanga zilizosagwa ambao kwetu mboga haikamiliki bila huo, usiku alishikwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakapanda hadi kwenye bega, yakamwachia alfajiri. Kituo cha afya kilimpa dawa za alsa, yaani vidonda vya tumbo, kwa kuwa katika nchi hii karibu kila tumbo linalouma huitwa alsa, naye akazimeza kwa miezi mingi. Hata mimi, pamoja na miaka yangu yote ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, niliamini ni alsa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Alipopimwa ultrasaundi hatimaye, mfuko wa nyongo ulionekana umejaa vijiwe.

Daktari tuliyemwona, katika hospitali ambayo sitaitaja, alikuwa mtu mpole. Alimshika mama mkono akamwambia, "Mama, umri umekwenda. Tusikusumbue na kisu. Endelea na dawa, na mafuta uyaache." Alisema kwa nia njema kabisa, nasi tulishukuru. Miaka miwili baadaye mama aliletwa usiku, mwili ukiwaka homa, akituita kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa, na mfuko wa nyongo ukiwa umejaa usaha. Upasuaji ambao ungepangwa kwa utulivu, baada ya vipimo na mlo mzuri, ukawa wa dharura saa nane za usiku. Alifunguliwa tumbo kwa mkato mrefu chini ya mbavu. Hatua chache kutoka pale alipolala, katika stoo ya thieta, palikuwa na mashine nzima ya upasuaji wa matundu madogo, kamera yake na skrini yake, imefunikwa nailoni. Mtungi wake wa gesi ulikuwa mtupu na taa yake ilikuwa imeungua.

Sina lawama kwa waliokuwa zamu usiku ule. Mkono wa mpasuaji ulikuwa imara na mfuko ulitoka salama. Matatizo yalianza siku iliyofuata. Nilikunja shuka, nikaliweka juu ya kidonda, nikamwambia, "Mama, likumbatie, halafu ukohoe kwa nguvu." Ni maneno niliyowaambia mamia ya wagonjwa. Alinitazama akasema, "Mwanangu, nikikohoa nitapasuka." Akaendelea kuvuta pumzi za juu juu, fupi fupi, akiwa ameshikilia ubavu. Siku ya nne pafu la kulia lilikuwa limeingia nimonia. Tulikaa wodini siku 23, mimi nikilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na siku ya 12 nilipomgeuza nikaona kidonda cha kulalia kimeanza kiunoni. Miaka miwili kabla ya hapo aliingia hospitalini akitembea kwa miguu yake, kikapu kichwani. Safari hii alitoka amebebwa na kaka zangu wawili. Aliishi miaka mitatu zaidi, lakini shambani hakwenda tena, na ngiri iliyotokeza kwenye kovu ilimfanya aogope hata kuinua sufuria.

Waheshimiwa, wengi wenu mnaijua tofauti ya njia hizi mbili kuliko mimi, lakini barua hii ni ya wazi na itasomwa pia na watoto wenye wazazi waliolala wodini leo, kwa hiyo naomba niieleze. Katika upasuaji wa kufungua, ambao Carl Langenbuch aliufanya kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, ngozi na misuli ya tumbo hukatwa chini ya mbavu za kulia ili mikono iufikie mfuko wa nyongo. Katika upasuaji wa matundu madogo, ambao Erich Mühe aliufanya kwanza Ujerumani mwaka 1985, tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksaidi taratibu ili kupata nafasi, kamera huingizwa kitovuni, na vifaa vyembamba hupita katika matundu mengine matatu hivi, mengi yasiyozidi upana wa sentimita moja. Kinachotolewa ni kile kile, yaani mfuko na vijiwe vyake. Kinachotofautiana ni jeraha analobaki nalo mgonjwa, na kwa mtu wa miaka 76 jeraha hilo ndilo linaloamua mengi ya yatakayofuata.

Misuli inayokatwa chini ya mbavu ni misuli ya kupumua na kukohoa. Kijana huumia, akakohoa hivyo hivyo, na siku ya tatu anatembea uwanjani. Mzee akiumia huacha kukohoa, makohozi yakatulia mapafuni, na nimonia ikapata mlango. Akiongezewa dawa kali za maumivu, anachanganyikiwa, hali chakula, haamki. Akikaa kitandani, damu huweza kuganda miguuni, ngozi huoza mgongoni, na misuli ya mapaja, ambayo tayari ilikuwa michache, huyeyuka kwa kasi ya kutisha. Wiki mbili za kulala zinaweza kumnyang'anya uwezo wa kusimama ambao hataupata tena. Matundu madogo hayaondoi hatari hizi zote, lakini yanaukata mnyororo pale unapoanzia, kwa sababu mgonjwa aliyefanyiwa hivyo asubuhi kwa kawaida huweza kukaa, kukohoa na kunywa uji jioni ile ile au kesho yake.

Tusitegemee macho yangu peke yangu. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 38 yenye wagonjwa zaidi ya 2,300, ukilinganisha njia hizi mbili kwa watu wa rika mbalimbali. Katika vifo haikuonekana tofauti ya kutegemewa, lakini waliofanyiwa matundu madogo walikaa hospitalini pungufu kwa takriban siku 3 na kurudi katika shughuli zao mapema kwa takriban siku 22. Tafiti zilizowaangalia wazee peke yao zinaonyesha pia matatizo machache ya mapafu na ya kidonda, ingawa ni haki kusema kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwagawa wagonjwa kwa kura, na huenda wapasuaji waliwachagulia matundu madogo wale waliokuwa na nguvu zaidi. Hata tukilipunguza jambo hilo kwenye hesabu, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017, uliochapishwa mwaka 2019, mahsusi kwa wazee wenye uvimbe mkali wa mfuko wa nyongo unasema waziwazi kwamba umri peke yake hauwi kizuizi cha upasuaji, na kwamba matundu madogo yajaribiwe kwanza isipokuwa pale ambapo mgonjwa hawezi kabisa kuhimili dawa ya usingizi au yuko katika mshtuko wa maambukizi ya damu.

Kuna jaribio jingine ambalo ningependa kila daktari anayesema "umri umekwenda" alisome. Huko Uholanzi, wagonjwa 142 waliokuwa katika hatari kubwa ya upasuaji na wenye uvimbe mkali wa mfuko wa nyongo waligawanywa kwa kura: wengine wakafanyiwa matundu madogo, wengine wakawekewa mpira wa kutoa uchafu kupitia ngozi, kwa imani ya siku nyingi kwamba mpira ni salama zaidi kwa walio dhaifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa na asilimia 65 ya waliowekewa mpira. Huruma ya kutomgusa mzee kisu, tuliyoipokea kwa shukrani kutoka kwa yule daktari mpole, ilikuwa na gharama ambayo hakuna aliyetutajia.

Siandiki haya kuupaka matope upasuaji wa kufungua, ambao umeokoa maisha mengi mbele ya macho yangu na utaendelea kuyaokoa. Gesi ikijazwa tumboni husukuma kiwambo cha kupumulia juu, hupunguza damu inayorudi kwenye moyo na huongeza kabonidioksaidi mwilini, na moyo uliochoka unaweza kushindwa. Ndiyo maana kwa wazee gesi huingizwa polepole, mgandamizo ukiwekwa chini kadiri inavyowezekana badala ya milimita 12 hadi 15 za zebaki zilizozoeleka, na ndiyo maana haifai kumlaza mgonjwa bila kifaa cha kupima kabonidioksaidi anayoitoa kwa pumzi. Vilevile mfuko wa mzee umevimba na kupoa mara nyingi kabla hajatufikia, umeshikamana na vilivyo jirani, na uwezekano wa kulazimika kuacha kamera na kufungua tumbo ni mkubwa kuliko kwa kijana. Mpasuaji anayefungua kwa wakati amefanya uamuzi wa busara, na mkurugenzi asiuhesabu kuwa kushindwa. Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni kukata mfereji mkuu wa nyongo ukidhaniwa kuwa ni ule mdogo wa mfuko. Ajali hiyo hutokea mara chache kwa njia zote mbili, lakini katika miaka ya kwanza ya kujifunza matundu madogo iliongezeka katika nchi nyingi duniani. Ipo kanuni iliyoelezwa mwaka 1995, ya kutokata chochote mpaka mirija miwili tu, mfereji wa mfuko na mshipa wake, ionekane wazi ikiingia kwenye mfuko, na kanuni hiyo inafundishika. Aidha, mzee ambaye vijiwe vyake vimeonekana kwa bahati na havijawahi kumuuma aachwe na amani yake. Mwenye dalili za saratani ya mfuko asiingizwe kamera na mtu asiyejua anachokifanya.

Sasa nifike kwenye lile hasa linalonifanya nishike kalamu, nalo ni mashine zilizofunikwa nailoni. Ile iliyokuwa karibu na mama yangu haikuwa ya kwanza kuiona. Mashine huletwa, hupigwa picha na wageni, kisha huanza kufa kidogo kidogo: leo gesi imeisha na hakuna fungu la kuijaza, kesho kutwa taa imeungua, mwezi ujao daktari aliyefundishwa amehamishwa, na muuguzi aliyejua kuvisafisha vile vibomba vya chuma vinavyopitisha vifaa amepelekwa wodi ya wazazi. Mimi mwenyewe nilihamishwa hivyo wiki sita baada ya kurudi kwenye mafunzo. Kifaa kimoja cha kutia vibanio vinavyofunga mfereji kilipokosekana, operesheni zilisimama miezi mitano, wakati mfereji ule ungeweza kufungwa kwa uzi wa kawaida kama mpasuaji angefundishwa kufunga fundo kwa kutazama skrini.

Kambi za upasuaji, ambazo madaktari wetu huziendesha kwa moyo mkubwa, haziwezi kuliziba pengo hili. Nyongo ikivuja tumboni, huenda ikajulikana siku ya tatu au ya nne, wakati kambi imekwisha kufungwa na mpasuaji yuko Kampala. Mzee anahitaji mtu wa kumwona siku ya nne.

Kwa hiyo naomba Wizara ichague kwanza hospitali chache za rufaa za mikoa, zile ambazo tayari zina mpasuaji aliyefundishwa na umeme wa akiba unaoaminika, na kuzipa huduma nzima badala ya mashine peke yake. Mtungi wa gesi, taa ya akiba na uzi viingie katika orodha ya kawaida ya Bohari ya Taifa ya Dawa kama glavu zinavyoingia. Vibomba na koleo vinunuliwe vya chuma vinavyotakaswa kwa mvuke na kutumika tena, maana vile vya kutumia mara moja ndivyo vinavyoipandisha bei ya operesheni hadi mkulima asiifikie. Karakana za vifaa vya tiba za mikoa zipewe mafunzo ya mashine hizo kabla hazijaharibika. Timu, yaani mpasuaji, ofisa wa dawa za usingizi na muuguzi, isihamishwe kipande kipande. Nchini mwetu dawa za usingizi hutolewa zaidi na maofisa ambao si madaktari, na wao ndio watakaomlinda mzee mwenye gesi tumboni, kwa hiyo wafundishwe pamoja na mpasuaji na si baada yake. Mongolia, yenye watu wachache waliotawanyika katika umbali mkubwa, ilifanya hivi kupitia hospitali zake za mikoa, na kati ya mwaka 2005 na 2013 upasuaji wa matundu madogo ulitoka kuwa jambo la nadra hadi kuupita ule wa kufungua.

Pale ambapo huduma hiyo haitafika kesho, na nafahamu ni mahali pengi, ipo njia ya kati ambayo nashangaa haizungumzwi. Mfuko wa nyongo unaweza kutolewa kwa mkato mdogo usiozidi sentimita 8, misuli ikipanuliwa zaidi kuliko kukatwa, bila gesi wala kamera. Ilipolinganishwa na matundu madogo katika majaribio 13, matokeo yalikuwa karibu sawa, operesheni ilichukua muda mfupi zaidi, na gharama ilielekea kuwa ndogo. Inahitaji taa nzuri ya thieta, msaidizi makini na mpasuaji mwenye subira. Kama mama yangu angepata mkato huo wakati vijiwe vilipoonekana, kwa siku iliyopangwa, nisingekuwa na barua ya kuandika.

Maana wakati nao ni sehemu ya tiba. Mzee aliyeumwa mara moja kwa vijiwe ana uwezekano mkubwa wa kuumwa tena, na kila shambulio humkuta akiwa na nguvu pungufu. Mwenye kisukari anaweza kuoza mfuko bila hata homa kubwa wala maumivu ya kumliza. Naomba vituo vya afya vielekezwe kumpima ultrasaundi mzee anayerudi mara ya pili na "alsa" ile ile, na madaktari waelekezwe kupima nguvu zake badala ya miaka yake: anatembea umbali gani bila kupumzika, anakula mwenyewe, anapanda ngazi ngapi, amepungua uzito kiasi gani. Maswali hayo huchukua dakika kumi, na hayahitaji mashine.

Nimesikia hoja kwamba matundu madogo ni anasa. Katika hospitali za serikali ada za matibabu zilifutwa mwaka 2001, lakini familia iliyo wodini hununua chakula, mkaa, maji, glavu zikikosekana, na nauli za boda boda za wanaopokezana kumwuguza mgonjwa. Mzee aliyetimiza miaka 80 hupata shilingi 25,000 kwa mwezi kutoka mpango wa ruzuku ya wazee. Sisi tulizimaliza nyingi kuliko hizo kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Wenye uwezo hupanda basi la usiku, wakavuka mto Nile kwenye daraja la Karuma, wakalipa mamilioni Kampala na kurudi baada ya siku tatu mgonjwa akitembea. Jirani yetu, mwenye umri wa mama yangu, alirudi hivyo. Siku 23 za kitanda, antibayotiki na oksijeni alizotumia mama yangu nazo zililipwa na mtu, na mtu huyo ni serikali.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila thieta ina rejista ya operesheni, lakini rejista hiyo humaliza habari mgonjwa anapotoka mezani. Naomba kwa kila mgonjwa wa nyongo aliyevuka miaka 60 iongezwe mistari michache: njia iliyotumika na sababu yake, siku alizolala, kama alipata nimonia, kama yu hai baada ya siku 30, na kama alitoka akitembea mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na takwimu za Uganda, na hamtahitaji kusikiliza hadithi ya muuguzi mmoja.

Mfumo wa bajeti ya mwaka ujao wa fedha hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Gesi, taa na uzi ni mistari mitatu katika fungu la hospitali za rufaa, nami naomba mistari hiyo iwemo. Hospitali yoyote itakayozifunua mashine zake, nitakuja kwa nauli yangu mwenyewe kuwafundisha wauguzi vijana kufungua vile vibomba vya chuma, kuvipiga brashi ndani, kuvisuuza na kuvikausha mpaka tone la mwisho, kwa sababu kazi hiyo bado naikumbuka vizuri.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji